Tosha Tu Ile Kashe

Mzee alifika siku ya kazi, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, sijanawa hata uso. Nikamtolea kiti cha plastiki akakikataa, akakaa kwenye ngazi ya mlango, akavua kofia akaiweka juu ya goti. Akauliza habari ya mama, habari ya watoto, habari ya mvua. Hapa Bukavu mtu mzima akikuulizia mvua saa hizo ujue kuna kitu amekificha nyuma ya mvua.

"Mutoto yangu," akasema, "ile hadithi ulisomea bamama kule Bagira, nimesikia iko muzuri sana."

Nikashukuru.

"Iko na mafundisho mingi."

Nikashukuru tena.

"Sasa tosha tu ile kashe."

Wasomaji wangu wa Dar na Mombasa msishangae, kwetu kutosha ni kuondoa, mambo ya kutosheka ni mengine. Na kashe ni muhuri, ule wa ofisi, wa duara, wenye wino unaobaki kwenye vidole. Mzee hakutaka niondoe mwizi, mwizi abaki. Mjane abaki, machozi yake yabaki, hata mashemeji wabaya wabaki. Neno moja tu.

Nikajibu: ndiyo papa.

Akavaa kofia akaenda zake. Wiki sita sasa hilo "ndiyo papa" limenikwama kooni kama mfupa wa sambaza, na nyinyi mnajua sambaza haina mfupa wa kumkaba mtu, tunaila mzima mzima na kichwa chake. Njo maana inaniuma. Nimekabwa na kitu kidogo hivyo.

## Makofi na biskwiti

Hadithi yenyewe kila mtu wa huku ameshaiona kwa macho. Mjane, parsele (kiwanja) yenye nyumba ya mbao upande wa chini, mashemeji watatu, na siku moja anafika mwanaume asiyejulikana na waashi wanne na karatasi. Kwenye karatasi kuna kashe. Mjane anaingia ndani anatoa karatasi yake, ile marehemu aliifunga kwenye plastiki akaificha chini ya godoro, nayo iko na kashe. Kashe ileile, ofisi ileile, parsele ileile, majina mawili. Basi. Sikutaja mtu, sikutaja ofisi, sikutaja avenie.

Niliiandika kwanza kwa Kifaransa. Nikaisoma jioni moja mbele ya watu kama arobaini, viti vimepangwa vizuri, jusi na biskwiti. Kashe ilikuwemo, mara saba, nimehesabu. Watu wakapiga makofi. Papa mmoja wa suti akasema teksti yangu inafikirisha, na mwingine, ambaye namjua kabisa kazi yake ni kugonga kashe kuanzia asubuhi mpaka saa tisa, akanishika mkono kwa mikono miwili akanipongeza.

Asubuhi yake hakuna aliyekuja kukaa kwenye ngazi yangu.

Wiki mbili baadaye mama mukubwa, mke wa marehemu kaka ya baba, akaniita kwenye likelemba yao Bagira, kile kikundi chao cha kuchangiana pesa kwa zamu. Wamama ishirini na kitu chini ya shitingi (turubai), pesa inahesabiwa, sombe (kisamvu) iko motoni, watoto wanalia. Akasema kila siku unatuambia unaandika unaandika, leo utusomee tuone. Nikatafsiri usiku mzima kwa Kiswahili chetu cha hapa, sio kile cha taarifa ya habari, nikasoma.

Sikumaliza hata ukurasa wa pili.

"Hapana, hapo umedanganya," mama mmoja akanikata. "Ile karatasi ya pili lazima iko na tarehe ya nyuma. Bila vile anashinda namna gani?" Mwingine akasema kashe ya kweli na ya uongo unaitambua kwa herufi moja iliyokatika pembeni, akachukua kijiti akaichora kwenye udongo, na wenzake wakainama kuangalia kama watu wanaoangalia nyoka aliyekufa. Mama mukubwa alinyamaza muda wote, kitambaa kimefunika nusu ya uso, na mwishoni akasema bei. Bei tu. Akataja kiasi kashe inachonunuliwa na wote wakaitikia kwa koo, mmh.

Siku tatu baadaye, mzee na kofia yake.

## Waziri alikuwa kwenye sherehe

Mtaniuliza Ngũgĩ wa Thiong'o, yule mwandishi wa Kenya, anaingilia wapi. Anaingilia kwa sababu wiki hizohizo nilikuwa nasoma riwaya yake Shetani Msalabani, kopi ambayo binamu alininunulia Nairobi kwa wale wanaotandaza vitabu chini, haina jalada, kurasa za mwanzo zimekula maji. Tangu mzee wa watu afariki, tarehe 28 Mei 2025, huko Marekani, nimekuwa naisoma polepole kama mtu anayebakisha nyama mwisho wa sahani. Ile habari kwamba aliiandika gerezani kwenye karatasi ya choo wote mnaijua, kila aliyeandika rambirambi aliirudia, sina la kuongeza.

Mimi nilikwama kwenye mwaka 1977.

Angalieni tarehe vizuri. Mwezi wa saba mwaka huo inatoka Petals of Blood, riwaya ya Kiingereza, nene, na ndani yake wale waliokula uhuru wa Kenya wanachanwa bila huruma, matajiri watatu wanachomwa moto tangu mwanzo wa kitabu. Na nani anakizindua? Mwai Kibaki, waziri wa fedha wa serikali hiyohiyo. Kitabu hakikupigwa marufuku. Mwandishi akarudi nyumbani akalala.

Mwezi wa kumi, tarehe 2, mwandishi yuleyule pamoja na Ngũgĩ wa Mĩriĩ wanafungua tamthilia kijijini Kamĩrĩĩthũ, Limuru, kwa Kigikuyu, Ngaahika Ndeenda, hii ambayo Kiswahili chake kinaitwa Nitaolewa Nikipenda. Wanaoigiza ni wakulima na vibarua. Uwanja wa wazi wa watu kama 2,000, wameujenga wenyewe. Tarehe 16 Novemba mkuu wa wilaya ya Kiambu anaondoa leseni ya maonyesho. Usiku wa kuamkia 31 Desemba polisi wanafika nyumbani kwa Ngũgĩ wa Thiong'o, wanabeba vitabu, wanabeba nakala za ile tamthilia, wanambeba na yeye. Karibu mwaka mzima gereza la Kamiti, bila kesi, bila hukumu.

Niliziandika tarehe hizo kwenye daftari moja chini ya nyingine, nikacheka peke yangu mpaka mke wangu akauliza ninacheka nini saa nne ya usiku.

Mtu mmoja. Hasira ileile. Mwezi wa saba anapewa waziri, mwezi wa kumi na mbili anapewa pingu.

Na sisi tusijidai hayo ni ya Wakenya. Novemba 2021, Kinshasa, komisheni ya sansire, wale wa kukagua kazi za sanaa, ilikataza wimbo wa kundi la MPR, wimbo wa Kilingala unaohesabu maraisi wote waliopita na kuuliza mwananchi alipata nini. Kelele zikapigwa, marufuku ikaondolewa haraka. Lakini najiuliza, maneno yaleyale yangekuwa kwenye tezi (tasnifu) ya profesa, kurasa 400 za Kifaransa na jedwali, nani angeitisha kikao? Profesa angepewa cheo.

Kifaransa changu njo (ndiyo) Kiingereza cha Ngũgĩ. Kina sebule yake, kina viti vyake, unaweza kumtukana mkubwa ndani yake na mkubwa akacheka, maana anajua maneno hayo hayatatoka mlangoni.

## Eka moja na nusu

Kuna kitu nilikidharau kwa miaka mingi. Ngũgĩ alikuwa anasema wanakijiji wa Kamĩrĩĩthũ waliisahihisha ile tamthilia, mazoezi yalikuwa wazi, mtu anapita na jembe anasimama anasema mzee haongei hivyo na mkwe wake, nao wanabadilisha. Mimi nilifikiri ni maneno matamu ya chuo kikuu, wananchi walishiriki, wananchi walichangia, tunayasikia kila siku kwenye semina za watu wa miradi. Sikuamini.

Mpaka nilipoona kile kijiti kwenye udongo.

Mle ndani ya tamthilia kuna Kĩgũũnda na mke wake Wangeci, maskini, lakini wana eka moja na nusu, na hati ya shamba wameitunza kama mboni ya jicho. Tajiri Kĩoi anaanza kuwaendea na maneno ya kanisa, mfunge ndoa ya halali, ya kikristo, na harusi ni pesa, na pesa ni mkopo, na mkopo unataka ile karatasi iende benki. Mnajua mwisho wake. Shamba linakwenda na karatasi.

Sasa jaribu kumwondolea Kĩgũũnda karatasi. Acha vingine vyote: umaskini, pombe, binti aliyedanganywa na mtoto wa tajiri. Inabaki nini? Inabaki familia yenye shida. Unawahurumia, unaenda kulala.

Hapo ndipo nilipomwelewa mzee wangu, na ninamwona mjanja kuliko wote waliopiga makofi. Hadithi yangu bila kashe ni hadithi ya mashemeji wabaya. Ni mambo ya nyumbani, waende kanisani, pasta awaombee. Kashe njo inaitoa kwenye nyumba na kuipeleka barabarani. Mzee hajasoma fasihi hata siku moja, lakini aliweka kidole palepale penye moyo.

Na ile leseni ya Kiambu nayo, ukiangalia, ilikuwa nini? Karatasi na muhuri.

## Badilisha zote

Gerezani walimkamatia Ngũgĩ muswada. Walipekua chumba, wakaona zile karatasi zimejaa maandishi, wakazibeba, miezi na miezi ya kazi. Mimi ningelia. Baada ya kama wiki tatu mkuu mpya wa gereza akamrudishia, akisema yeye haoni ubaya ndani yake, ila Kigikuyu chako ni kigumu sana. Nilipofika hapo nilifunga kitabu nikatoka nje kidogo. Mpekuzi amesoma, amechoka, amerudisha! Muswada huo ukatoka 1980 kama Caitaani Mũtharaba-inĩ, njo hii Shetani Msalabani yangu, na nakala 5,000 ambazo wachapishaji walidhani zitawachukua miaka ziliisha kama mkate.

Mimi hakuna aliyenikamatia kitu.

Usiku ule baada ya mzee kuja nilisubiri watoto walale. Nikafungua kompyuta, nikatafuta neno kashe, mashine ikaniambia liko mara saba. Nikaandika neno la kuweka mahali pake, nikachagua "makubaliano", nikabonyeza badilisha zote.

Sekunde moja. Hata chai haikupoa.

Yeye walimnyang'anya, mimi nilipeleka mwenyewe mpaka mlangoni na nikashukuru. Na cha ajabu nililala vizuri. Nililala kama mtu aliyelipa deni. Ilichukua siku mbili tatu ndipo kitu kikaanza kunikwaruza, nikiwa kwenye moto (pikipiki) kupanda Nyawera, dereva anapiga stori za parsele ya dada yake, anasema "na karatasi iko na kashe kabisa, papa, kashe kabisa!", na mimi nyuma yake nimenyamaza kama mwizi.

Kuna paragrafu hapa nimeiandika na kuifuta. Mko hapa, mnajua.

## Majina ya baba

Hii ni njia ya pembeni kidogo, mnivumilie.

Vitabu vya kwanza vya Ngũgĩ, kama Weep Not, Child ya 1964, vilitoka kwa jina la James Ngugi. Baadaye James akaliacha mwenyewe. Watu wanaisimulia kama ushujaa, na labda ni ushujaa. Lakini mimi ni mtoto wa mtu aliyeacha jina lake la ubatizo mwaka 1972 kwa sababu Mobutu alisema. Sheria ilipita, majina ya wazungu yakafa, makarani wakakaa na madaftari, kashe ikagongwa, baba akatoka na jina la babu yake. Mpaka leo tuna baba mwenye majina mawili, moja la karte (kitambulisho) ya Zaire na moja la kanisa, na mama anatumia la kanisa akiwa na furaha.

Kwa hiyo mtu akiniambia habari ya kurudi kwenye asili, sikio moja linamsikia Ngũgĩ na lingine linasikia redio ya Mobutu. Tendo ni lilelile. Sijui nifanye nini na hilo, nalibeba tu.

Na lugha je? Ngũgĩ aliamua riwaya zake ni Kigikuyu, lugha ya mama. Lugha ya mama yangu ni Mashi. Naisikia, naongea na koko (bibi) bila shida, lakini kuiandika, sentensi tatu natoka jasho. Kiswahili kilitufikia huku na misafara ya biashara kutoka pwani, halafu wakakitumia mapadri na Wabelgiji, na hiki changu mtu wa Unguja anakisoma ameshika kichwa. Lakini chini ya ile shitingi walikuwepo Bashi, Barega, Bafuliru, na mama mmoja wa Maniema anayeuza ndagala. Ningesoma kwa Mashi nusu yao wangebaki wanaangalia sombe. Na wakati huu wetu, kukusanya watu wa kabila moja na kuwasomea kitu wengine wasichosikia, hapana, asante.

Nimebaki na Kiswahili. Ni cha watu wote, kwa hiyo hakina sebule.

## Mtu wa karatasi anatafutwa

Ngũgĩ alikwenda London mwaka 1982 kwa uzinduzi wa tafsiri ya Kiingereza ya kile kitabu cha gerezani, akapata habari kwamba akirudi atapokelewa vibaya, akabaki. Mwezi wa tatu mwaka huohuo askari walikuwa wameshaubomoa uwanja wa Kamĩrĩĩthũ. Miaka ishirini na mbili ya uhamisho. Aliporudi 2004 na mke wake Njeeri wakavamiwa na watu wenye silaha mahali walipofikia, na mambo aliyotendewa mama yule siyaandiki hapa.

Katikati ya hiyo miaka kuna 1986, Matigari.

Kitabu kinatoka kwa Kigikuyu, cha mtu aliyetoka msituni baada ya vita, amefukia silaha, anazunguka nchi nzima akiuliza ukweli na haki vinapatikana wapi. Watu wanakisoma, wanakisimulia. Mwanzo wa 1987 wapelelezi wanapeleka ripoti juu: kuna mwanaume anaitwa Matigari, anazunguka vijijini, anauliza maswali. Amri inatoka akamatwe.

Akamatwe!

Wakatafuta mpaka wakagundua ni mtu wa kwenye kitabu. Basi mwezi wa pili polisi wakapita kwenye maduka ya vitabu wakazoa kitabu chenyewe. Kila mtu anasimulia hii kama kichekesho na kweli inachekesha, lakini mimi nawaonea huruma wale wapelelezi, maana hawakukosea sana. Walisikia watu wanaongea juu ya mtu kama mtu. Mwandishi alikuwa ng'ambo, hawezi kurudi, na kitu chake kinatembea mashambani bila yeye, bila jalada, bila jina lake.

Tayari ilikuwa imetokea na Shetani Msalabani. Kwenye mabaa kulikuwa na watu wanaosoma kwa sauti, anasoma anasoma, akifika pazuri glasi imeisha, anafunga kitabu. Mpaka mtu amnunulie nyingine. Huo ndio uchapishaji ninaoutamani, kusema kweli.

## Kitu cha nyumbani

Nilitaka kuruka hii sehemu.

Mwaka 2024, baba yake akiwa bado hai, Mukoma wa Ngugi, mtoto wake ambaye naye ni mwandishi, aliandika hadharani kwamba baba yake alikuwa anampiga mama yao, Nyambura, ambaye alikuwa ameshafariki. Mtandao ukagawanyika mara mbili. Wengine wakasema ahsante kwa kusema. Wengi, na wengi wao watu wa umri wa baba yangu, wakasema mambo ya nyumbani hayatolewi nje, ungenyamaza, yule ni mzee, yule ni taa yetu.

Sikuwepo nyumbani kwao, siwezi kuwa hakimu. Lakini niliyasoma yale majibu ya "ungenyamaza" siku nzima, nikaona sauti naijua. Ni sauti ya upole, ya ngazi ya mlango, kofia juu ya goti. Hadithi yako ni nzuri mutoto yangu, tosha tu kitu kimoja.

Nilifunga simu haraka. Na sababu haikuwa Ngũgĩ.

## Kashe imeenda wapi

Likelemba iliyofuata nilikwenda na hadithi imechapwa vizuri, kurasa tisa, nimelipia kwenye sekretaria ya Kadutu. Nikasoma. Safari hii hakuna aliyenikata. Walisikiliza kwa adabu, kama misa. Nilipomaliza mama mmoja akasema ahsante baba, wakarudi kuhesabu pesa.

Mama mukubwa alinisindikiza mpaka barabarani.

"Kashe imeenda wapi?"

Nikamwelezea. Mzee, kofia, mvua. Nilimwelezea kwa urefu, nikaweka na Kiambu, nikaweka na Kamiti, nikaona niko naongea kama mtu mwenye kesi. Alisikiliza anatafuna karanga.

"Sawa," akasema. "Yule muzee alikuambia utoshe kashe. Ukatosha."

"Ndiyo mama."

"Na shemeji wa nne, naye nani alikuja kukuambia umutoshe?"

Moto zilikuwa zinapita, vumbi. Sikumjibu.

Kwenye hadithi mashemeji ni watatu. Wamekuwa watatu tangu sentensi ya kwanza ya Kifaransa, mbele ya makofi, mbele ya biskwiti, mbele ya mzee yeyote. Kule Bagira chini ya shitingi walikuwa watatu, na aliyevumilia kuwasikia watatu akafunika nusu ya uso na kitambaa njo mwenye parsele. Wa nne hakuuza. Alitia sahihi kama shahidi, kwa jina lake la karte. Anakula bugali kwangu kila Jumapili, na nampenda sana, na anapenda kuniambia niandike vitu vya kujenga nchi.

Mama mukubwa akanimiminia karanga zilizobaki mkononi. "Enda, mvua inakuja," akasema, na kweli ilikuwa inakuja.

## Odio

Sijairudisha kashe kwenye faili. Nilifungua mara mbili, nikaangalia yale makubaliano saba, nikafunga. Wa nne ndiye kabisa, hata kuandika hapa nimeshazunguka nusu saa.

Lakini juzi usiku kuna grupu moja ya WhatsApp, ya watu wa kartie (mtaa), mambo ya maji na misiba, mtu alitupa odio imetumwa mara nyingi, ina ile mishale miwili. Dakika nne na kitu. Mama anasimulia, sauti siijui, nyuma yake kuna jogoo. Mjane sasa ni wa mtaa wa Panzi. Nyumba ya mbao imekuwa ya tole (mabati). Waashi wameongezeka. Kashe iko, tena anaigonga kwa mdomo, pa! pa! mara mbili kwenye karatasi mbili, na ile herufi iliyokatika pembeni ameiweka, na tarehe ya nyuma, na bei. Halafu anasema, polepole kama anahesabu kwa vidole: bashemeji bane. Watatu waliuza, anasema, na wa nne aliandika jina lake pale chini, kalamu ikamutetemeka.

Hiyo ya kalamu sikuiandika mimi. Mimi sikuwa naijua.

Nikaisikiliza mara tatu nimekaa kitandani, nikaandika kwenye grupu: "Hadithi nzuri. Ni nani aliyeitunga?"

Zile alama mbili zikawa bluu. Hakuna aliyejibu. Baada ya dakika kumi hivi ikaingia sauti ya yule mama, fupi, jogoo bado yuko nyuma:

"Weye uko nani, na juu ya nini unataka kujua?"